Vikombe Visivyorudi Jikoni

Mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka sita, alisimama mbele ya watu sita akasema kwamba mimi, kwa ufagio wangu, ndiye niliyekuwa nikizima mashine ya ghala la dawa. Wakati anasema hivyo alijua si kweli. Alijua tangu jana yake, saa kumi na moja jioni, kwenye meza ya nyumbani kwangu, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha pa kutafutia. Hilo ndilo kosa. Mengine nitakayosimulia ni namna lilivyotokea.

Katika ghala lile nilifanya kazi miaka kumi na moja. Chini kuna majokofu kumi na mawili ya dawa na chanjo, marefu kama makabati ya nguo, yamepangwa kwenye kuta mbili yakitazamana. Juu kuna ofisi na chumba cha mikutano chenye meza ndefu. Katikati, ngazi zinapokata kona, kuna chumba kidogo kisicho na dirisha, na humo ndimo mashine ilimokaa: kompyuta moja nyeusi, skrini yake, sanduku la nyaya lenye taa za kijani zinazopepesa, na feni. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kupiga deki jengo zima, na saa nne kupandisha chai. Ndiyo maana wote waliniita Mama Chai, hata wale wasiokunywa.

Vikombe vilikuwa sitini. Nilivipokea mwenyewe vikiwa kwenye maboksi, na kila jioni nilivihesabu kabla ya kufunga jiko. Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nilizijua kwenye milango na kwenye chupa za sabuni: HATARI, USIINGIE, WEKA MBALI NA WATOTO. Lakini kuhesabu nilijua, na kikombe kikikosekana nilijua kiko ofisi gani, nyuma ya pazia gani, na nani amekitia kalamu ndani. Watu waliosoma hawarudishi vikombe. Wanavisahau walipomalizia kunywa, wakiamini kuna mtu atapita.

Na huyo mwanangu alikuwa hivyo tangu utotoni. Kikombe chini ya kitanda, kikombe dirishani, kikombe juu ya daftari. Mimi nilikuwa napita nyuma yake naokota. Nilisema moyoni, mwache asome, vikombe nitaosha mimi. Nilimlea vibaya katika hilo, na nitaeleza lilivyokuja kunirudi.

Kazi aliipata kwa mdomo wangu. Siku moja nimebeba sinia nikamsikia Meneja akilalamika kwamba vipimajoto vya majokofu ni vya zamani mno, havielewani na kompyuta mpya, na mafundi watatu wameshanawa mikono.

"Bosi," nikasema, "mwanangu amesomea hayo."

"Mwanao, Mama Chai? Anajua kompyuta?"

"Anazichambua kama mchele."

Wakacheka, lakini wakamwita. Akapewa miezi sita ya majaribio. Jioni ya siku ya kwanza aliniambia, bila kunitazama, huku akifungua kamba za viatu, "Mama mdogo, kule kazini usiniite mwanangu. Watasema nimeingilia mlango wa jikoni."

"Kwani uliingilia wapi?"

Akacheka. "Niite Mhandisi tu."

Nikamwita Mhandisi. Naye akaniita Mama Chai kama wengine, akapokea kikombe chake bila kuinua macho, na mimi nikajivunia hata hilo.

Siku aliyofaulu kuviunganisha vile vipimajoto alirudi nyumbani anaongea peke yake. Nilimuuliza amefanyaje, nikidhani atanipuuza. Badala yake alichukua vikombe vitatu vya rafuni akavipanga mezani.

"Sikiliza, mama mdogo. Kila jokofu lina kipimajoto. Kila sekunde kumi kinatuma pakiti kwenye waya. Pakiti ni kama bahasha ndogo ya habari. Ndani imeandikwa: mimi ni jokofu la nne, joto langu nyuzi tano. Sasa, ndani kabisa ya kompyuta, chini ya kila unachokiona kwenye skrini, kuna kitu kinaitwa kiini. Ndicho kinachopokea bahasha zote zinazotoka kwenye waya. Kinatazama juu ya bahasha, kinajua hii ni ya nani, kinampelekea. Asiyejulikana, bahasha yake inatupwa."

"Na vipimajoto vyenu havijulikani."

"Havijulikani! Mwandiko wao ni wa kizamani. Kiini kinazitupa pakiti zao kabla hata programu yoyote haijaziona. Ndipo hao mafundi watatu waliposhindwa, walikuwa wanasubiri nje ya mlango. Mimi nimeingia ndani. Nimeweka programu yangu ndani ya kiini, hapa penye mlango wa waya. Napokea bahasha zikiwa mbichi, kama zilivyofika, hazijafunguliwa na mtu."

"Zote? Hata zisizo zako?"

"Zote zinapita mkononi mwangu. Za vipimajoto nazichukua."

Kisha akanionyesha kwa vikombe. Akasema kiini hakiwezi kupokea bahasha mkono mtupu, lazima kila moja kiitie ndani ya kikombe, na vikombe vina idadi. Kila anayepewa kikombe, akishamaliza, akirudishe. Kisiporudi, hakiwezi kutumika kwa mwingine. Akajifanya kunywa kile cha kwanza, akanipa mkononi. "Hiki ni changu, nimesoma, nimerudisha." Vile viwili vingine akavisukuma pembeni kwa mgongo wa kidole. "Hivi si vyangu, naachana navyo." Akaenda kulala.

Vile viwili vilibaki mezani. Niliviosha mimi. Nasema hivi kwa sababu kosa lote lilikuwa pale, mbele ya macho yangu, na nililifuta kwa sabuni bila kulijua.

Wiki tatu baadaye, Jumatano, nilikuwa nafagia chumba cha mashine. Niligeuka nikaona skrini imeganda. Namba za majokofu ambazo kwa kawaida hubadilika-badilika zilikuwa zimesimama. Nikadhani ni macho. Nikasubiri, nikahesabu hadi mia. Hazikucheza. Nikapanda ngazi mbiombio kumwita.

Alizima, akawasha, mashine ikaamka. Meneja akafika. "Nani alikuwa humu?"

"Mimi."

Wote wakautazama ufagio. Nyuma ya mlango, usawa wa kifundo cha mguu, ulipita waya wa buluu unaoingia kwenye ile kompyuta. Mhandisi akauinamia, akautikisa. "Inawezekana uliguswa," akasema.

Kwa siku ile simlaumu. Hakujua. Mimi pia sikujua. Nilichokiona, nikakisema palepale, ni kwamba taa ya waya ule kwenye sanduku ilikuwa inaendelea kupepesa muda wote skrini ilipokuwa imeganda. Mtu mmoja akajibu, "Mama Chai, taa ni taa." Basi nikachukua ufagio wangu nikatoka.

Tangu hapo sikuwa na raha. Niliacha ufagio nje nikawa nafuta sakafu ya chumba kile kwa kitambaa, nimepiga magoti, nimevua kandambili. Nilipita karibu na ule waya kama mtu anayepita karibu na mtoto mgonjwa aliyelala. Kila nikipanda ngazi nilisimama kwenye kona nikatazama namba. Zinacheza. Nashuka hatua tatu, narudi kutazama tena. Nilimwuliza Mhandisi mara nne kwa jioni moja, "Nilipotoka ilikuwa nzima?" Akanijibu ilikuwa nzima, na mara ya nne akajibu kwa hasira.

Siku ya kumi na nne ikazima tena. Mara hii haikugundulika. Iliganda mchana, na kwa kuwa haikulia wala kuonyesha hitilafu, watu wa juu wakauchukulia ukimya wake kuwa habari njema. Jioni hiyo jokofu la nne likaharibika. Kipimajoto chake kikatuma pakiti yake kila sekunde kumi, nyuzi nane, nyuzi kumi, nyuzi kumi na tatu, na hakuna aliyepokea. Asubuhi tulikuta chanjo zote za jokofu lile zimekuwa maji tu ya kumwaga. Zilikuwa za zahanati tatu. Nilikuwa getini mama mmoja alipofika na mtoto mgongoni kuulizia, kwa kuwa kwao ameambiwa dawa haijaletwa. Akarudi alikotoka, na jua lilikuwa kali.

Meneja akaniita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama Chai, asubuhi ya jana uliingia chumba cha mashine?"

"Niliingia, bosi. Nilifuta kwa kitambaa."

"Ikitokea mara ya tatu, sitakuwa na la kufanya."

Nilianza kujishuku mwenyewe. Mtu akiambiwa mara nyingi kwamba mkono wake ni mbaya, mwisho anautazama. Nilijiuliza labda niligusa kwa magoti, labda kwa kiwiko, labda ndoo ilisogea. Nilikuwa naota ule waya. Nilijiona nimefukuzwa, na watu mtaani wakisema ndiye aliyemwaga dawa za watoto.

Aliyekuja kutengeneza jokofu la nne ni fundi wa majokofu, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi, tukimwita Barafu. Alikuwa amelala chali chini ya jokofu, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Mama Chai! Nasikia siku hizi unaroga mashine."

"Ningejua kuroga ningeanza na lako hilo tumbo."

"Hili limeshindikana, waganga wote wamelikimbia. Nipe spana hiyo. Na chai iko wapi?"

"Vikombe vimeisha. Juzi na jana kulikuwa na semina huko juu, vimetawanyika jengo zima, bado naviokota."

Nikiwa nasema hivyo nikasikia maneno yangu mwenyewe. Jumatano ile ya kwanza, siku moja kabla yake, kulikuwa na wageni thelathini. Nilikumbuka kwa sababu vikombe vilipungua nikawapa wengine bilauri. Na mara hii ya pili, semina ya siku mbili. Nikamwuliza Barafu, "Wageni wakija huko juu, ile mashine inawahusu nini?"

Akajitoa chini ya jokofu, akakaa, akajifuta uso. "Haiwahusu kitu. Ila wanakuja na simu zao, na kompyuta zao, wote wanaingia kwenye mtandao wetu huuhuu. Kwani vipi?"

"Kwa hiyo pakiti zao zinapita kwenye waya mmoja na za majokofu."

Akanitazama kama nimezungumza Kigiriki. "Mama Chai, pakiti umezijulia wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Basi hilo mwulize mwanao. Mimi nikipita friji nimepotea."

Sikumwuliza siku hiyo. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya mtu niliyemsomesha. Nikasema ngoja nihakikishe. Alhamisi iliyofuata ulikuwa mkutano mkubwa, watu arobaini na tano. Nikamwambia Barafu mapema, yeye peke yake, "Ijumaa mashine itazima. Na tangu leo chumbani simo, hata mlango siugusi." Akacheka. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, sikuingia. Alhamisi nilipandisha vikombe vyote sitini. Siku hiyo nilitaka niwe nimekosea na nilitaka niwe nimepatia. Ijumaa saa tano nilisimama kwenye kona ya ngazi. Namba zilikuwa zimesimama. Na ile taa ya waya wa buluu ilikuwa inapepesa, chap, chap, chap, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye watu ambao hawaitiki.

Barafu hakuniangusha. Alikwenda mwenyewe kwa Meneja akasema, "Huyu mama hakuingia humo wiki nzima, na alishaniambia itazima."

Meneja akamjibu, "Wewe ni fundi wa barafu au wa kompyuta? Na huyo aliyejua siku itakayozima, alijuaje?"

Ushahidi wangu ukageuka kuwa kesi yangu. Kikao kikapangwa Jumatatu saa tatu.

Jumapili saa kumi na moja jioni Mhandisi alikuwa mezani kwangu na kompyuta yake ya mpakato. Nilileta vikombe vitatu, nikavipanga kama alivyovipanga yeye siku ile.

"Mwanangu, zile bahasha zisizo zako, vikombe vyake unavipeleka wapi?"

"Mama mdogo, nina kikao kesho."

"Kikao ni changu pia. Nijibu."

Akapumua. "Naachana navyo. Si vyangu."

"Unaachana navyo vikiwa wapi? Wewe si ulisema zote zinapita mkononi mwako? Na kila anayepewa kikombe akirudishe?"

"Kiini kitavi..."

"Watu wakiwa wachache, vikombe vinavyopotea ni vichache, mashine inakaa wiki tatu. Wakija arobaini na tano, siku moja tu jiko linakuwa tupu. Mimi jikoni kwangu ndivyo ilivyo."

Alifungua mpakato. Akasoma, akapandisha juu, akasoma tena kutoka mwanzo. Jasho dogo likamtoka juu ya mdomo. Jasho lile nalijua, alikuwa akilitoa tangu mtoto anapovunja kitu. Aliweka kidole kwenye skrini, mahali pamoja, hakukiondoa.

"Nikikuta pakiti si yangu, narudi tu," alisema taratibu, kama anayemsomea mtu mwingine. "Sikiachii kikombe. Hata kama wengine wote wamekirudisha, mimi bado nimekishika. Maelfu kwa maelfu. Kumbukumbu ya kiini inajaa mpaka hakuna pa kuweka hata ya jokofu." Kisha akainua macho. "Mama mdogo."

"Naam."

"Ni mimi."

Sijui kama kuna maneno yamewahi kunishusha mzigo kama hayo. Nililia, nikamshika kichwa. Nikamwambia kukosea si dhambi, aliyekosea na asirekebishe ndiye mbaya. Akasema ni mstari mmoja tu wa kuongeza. Akasema, "Kesho nitawaambia. Usiwe na wasiwasi." Nikamwekea chai. Alipomaliza aliacha kikombe mezani, nikakiosha kwa furaha.

Jumatatu aliwahi mno kazini. Saa moja na nusu nilimwona ameinama chumba cha mashine, anaandika. Nikapita kimya. Saa tatu nikapandisha vikombe saba, kwa kuwa walikuwa saba: Meneja, wakuu wa idara watano, na yeye. Nikawa nageuka nitoke.

"Mama Chai, usiondoke," Meneja akasema. "Weka sinia, simama hapo."

Nikasimama ukutani na kitambaa changu mkononi. Sikuogopa. Kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi sikuogopa.

"Mhandisi, tueleze."

Alikuwa anatazama ndani ya kikombe. "Nimeuchunguza mfumo mzima," akasema. "Programu iko sawa."

Ilikuwa sawa kweli. Ilikuwa sawa tangu saa moja na nusu. Nikasubiri aendelee.

"Kinachotokea ni waya kuguswa wakati wa usafi. Nashauri mtu wa usafi asiingie tena chumba kile."

Nikaendelea kusubiri. Nilidhani kuna sentensi nyingine inakuja, kwamba anazunguka kidogo kabla ya kufika. Nilimtazama mdomoni. Ulikuwa umefungwa.

Mkuu mmoja wa idara akauliza, "Huyu mama si ndugu yako?"

"Tunafahamiana," akasema.

Nilifungua kinywa. Nikasema, "Mwanangu, na vikombe?" Wakanitazama kwa huruma, wakadhani nimechanganyikiwa, naulizia vyombo. Mmoja akasukuma kikombe chake kuelekea kwangu. Karatasi ilikuwa imeshaandaliwa. Hakuna aliyenisomea. Wakaniletea kidau cha wino, nikabonyeza dole gumba. Mikono ilikuwa na majimaji, alama ikateleza, wakanibonyezesha mara ya pili.

Hawakunifukuza. Walinihamishia nje, kufagia uwanja na njia ya magari. Jiko alipewa mwingine. Na tangu siku ile mashine haijazima hata mara moja. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe, msomaji apaangalie vizuri: alitengeneza kosa lake siku ileile niliyotolewa mimi, kwa hiyo kupona kwa mashine kukawa ushahidi wa hatia yangu. "Mnaona? Tangu Mama Chai atoke, mambo shwari." Nimelisikia hilo getini, nimelisikia dukani, nimelisikia kwa mama aliyenipita na mtoto mgongoni. Hata Barafu, ambaye nilimwambia mapema, siku moja aliniuliza pembeni, bila utani, "Lakini Mama Chai, kweli hukuugusa?"

Mhandisi alihama kwangu wiki iliyofuata. Alikuwa anafunga begi, nami nimesimama mlangoni.

"Mama mdogo, nilikuwa kwenye majaribio. Wangenifukuza. Nani angeniajiri tena, na chanjo zimeharibika? Wewe hawakukufukuza, wamekuhamisha tu."

"Wamenihamishia kwenye midomo ya watu."

"Watasahau."

"Na karatasi itasahau?"

Akavuta zipu ya begi. Alipoondoka niliingia chumbani kwake kufagia. Chini ya kitanda kulikuwa na kikombe.

Kwa ajili ya ile karatasi ndipo nilipojifunza kusoma. Mwalimu mstaafu wa jirani alinifundisha barazani kwake, miezi minane, kila Jumamosi. Nilipoona naweza, nilimwomba karani wa masijala anifungulie faili langu. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, naye akisubiri: *Nakiri kwamba kwa uzembe wangu niligusa waya wa mashine mara tatu, na kusababisha kuharibika kwa chanjo za jokofu namba nne.* Chini yake dole langu, mara mbili, moja limeteleza. Nilisoma yote, nikalifunga faili mwenyewe.

Nikapanda kwa Meneja. Nilimweleza vikombe, pakiti na kiini, nikamweleza kwamba mabadiliko ya programu, kama mwanangu mwenyewe alivyowahi kuniambia, huwekwa tarehe na saa, na kwamba kuna mstari uliongezwa Jumatatu ile saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kikao. Alinisikiliza, hilo nampa. Akanyanyua simu akamwuliza Mhandisi, nami nimeketi pale.

"Eti kuna mstari uliongeza siku ya kikao?"

Sauti yake ilisikika mpaka nilipokaa. "Ni marekebisho ya kawaida, mkuu."

Meneja akaweka simu. "Mama, katika jengo hili anayeweza kuusoma huo mstari ni yeye peke yake. Unataka nimwamini nani?"

Hapo alisema kweli. Mimi naweza kusoma karatasi yangu sasa, lakini mstari wake siwezi. Aliyejificha amejificha mahali ambapo ufunguo anao yeye.

Ameshapita majaribio. Ana kiti chake juu. Akipita na gari getini mimi hufungua geti, naye hutazama mbele. Nimesikia wageni sasa wanafika mpaka mia, na mashine haitetereki. Mimi bado saa tano ikifika hujikuta natazama dirisha la ngazi kama vile kuna namba za kuangalia.

Sidai kurudishwa jikoni. Sidai gari wala kiti. Ninachodai ni maneno mawili, yasemwe kwenye meza ile ndefu, mbele ya wale watu waliokuwepo, na baada ya hapo karatasi yenye dole langu ichanwe nikiona. Anayedaiwa ni mtoto wa dada yangu, peke yake. Maneno yenyewe anayajua. Aliniambia mimi, Jumapili ile, kidole kikiwa kwenye skrini: ni mimi.